Sura ya Tano: Mnyama Anayechelewa Kujikuna

Kwetu Kongwa kupe alikuwa na msimu wake. Mvua zikishika na majani yakifika magotini, babu alitugawia kazi jioni kando ya zizi: kila mjukuu na ng'ombe wake, aanzie masikioni, apite chini ya mkia, amalizie kwenye kiwele. Kupe aliyevimba tulimdondosha kwenye kopo la mafuta ya taa. Aliyekuwa bado bapa babu alitukanya tusimvute kwa pupa, maana kichwa hubaki ndani na kidonda huoza. Kiangazi kilipokausha nyasi kupe walipungua, nasi tukapata nafasi ya kucheza. Hivyo ndivyo nilivyomjua kupe, kiumbe wa joto na unyevu, anayekuja na majani na kuondoka na vumbi.

Ndiyo maana sikumwelewa mzee mmoja mwindaji wa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, aliponiambia kwamba kupe wa msitu wao hula wakati mito imeganda na theluji imefika kiunoni. Hakubishana nami. Alisubiri Aprili, akanichukua.

Theluji ilikuwa imebaki viraka viraka chini ya miti ya misprusi. Ndama wa mnyama wa msitu huo alilala ubavu kando ya kijito, miguu mirefu imenyooka, na hakuna mnyama aliyekuwa amemgusa. Alikuwa hajatimiza mwaka. Shingoni na mabegani manyoya yake ya hudhurungi yalikuwa yamekatika, vikabaki vishina vyeupe kama mabua ya mtama baada ya mavuno. Nilipiga magoti nikafanya kama babu alivyonifundisha, vidole gumba viwili vikitenganisha manyoya ili ngozi ionekane. Ngozi haikuonekana. Palikuwa na kupe wamebanana kama punje kwenye gunzi la hindi, na kila nilipofungua mstari mwingine, kifuani, kwapani, kwenye tako, ilikuwa vilevile. Hatua chache kutoka pale, mahali alipolala usiku uliotangulia, theluji ilikuwa imeshika umbo la mwili wake. Ndani ya umbo hilo mlikuwa na madoadoa ya damu, na kupe walioshiba, wakubwa kama zabibu, wakijikokota polepole kuelekea kwenye majani makavu.

Nimewahi kuona ng'ombe akifa kwa ndigana. Hufa kwa homa, kwa ugonjwa uliobebwa na kupe wachache tu. Yule ndama hakuwa na ugonjwa wowote. Alinyonywa hadi akaisha.

Mnyama mwenyewe hana jina la Kiswahili. Biblia zetu zina ayala, na ayala ni ndugu yake, lakini huyu ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote: dume aliyekomaa hupita kilo 500, begani humpita mtu mrefu, na pembe zake pana kama masinia huanguka kila mwaka na kuota upya. Waingereza waliofika Amerika walikosa neno kama sisi, wakachukua la wenyeji. Waabenaki, ambao misitu hiyo ni yao tangu kale, humwita moz. Kwa Kiingereza likawa moose, nami katika sura hii nitamwita muusi. Wakati wa baridi, majani yote yakiwa yamepukutika, yeye huishi kwa kutafuna vijiti na ncha za matawi. Ni chakula cha kujaza tumbo tu, kwa hiyo muusi huingia msimu huo na mafuta mwilini na kutoka amekonda. Hata mwaka ulio mzuri huwa hivyo.

Kupe naye alipewa jina la kisayansi mwaka 1869 na Alpheus Packard, bingwa wa wadudu aliyezaliwa Brunswick, mji wa Maine hiyohiyo: Dermacentor albipictus. Neno la pili ni Kilatini, lina maana ya aliyepakwa rangi nyeupe, kwa sababu ya madoa meupe ya mgongoni mwake. Packard hakuwa na njia ya kujua kwamba siku moja jina hilo lingemfaa zaidi mnyama anayenyonywa. Muusi aliyeshambuliwa sana hujisugua kwenye miti na kujing'ata hadi manyoya yanakatika na vishina vyeupe vinabaki, na watu wa kaskazini humwita mzimu. Ukimwona alfajiri kando ya barabara, mweupe mwili mzima na masikio yamelegea, utajua jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Mfugaji wa kwetu ataelewa upesi maisha ya kupe huyu akianza na kupe anaowajua. Kupe wa kahawia wa masikioni, yule anayeleta ndigana kali, ni kupe wa wenyeji watatu. Mtoto hunyonya mnyama mmoja kisha hushuka, hujivua ngozi chini, hupanda mwingine, hushuka tena, na akiwa mzima hutafuta wa tatu. Yule wa samawati wa ng'ombe hana haja ya safari hizo. Akishapanda mgongoni hutulia hapohapo mpaka awe jike lililoshiba. Kupe huyu wa muusi, aitwaye kupe wa baridi, ni wa namna hii ya pili: hupanda mara moja tu maishani, na mara hiyo ndiyo ya kufa na kupona.

Upandaji wenyewe hufanyika majani yanapopukutika, kuanzia Septemba hadi Novemba. Mayai yamekwisha kuanguliwa ardhini mwishoni mwa majira ya joto, na watoto wa kupe, wenye miguu sita na wadogo kuliko punje ya ufuta, hukwea vijiti na mashina ya nyasi mpaka kimo cha kifua cha mnyama. Hawakai mmojammoja. Hujikusanya kwenye ncha kwa mamia, pengine zaidi ya elfu, wakiwa wameshikana miguu. Kwa jicho la harakaharaka utadhani ni uvimbe kwenye gome au kibonge cha tope. Pumulia karibu yake, kama nilivyofanya mimi siku moja ya Oktoba, na kibonge kitaamka. Miguu mamia itanyooshwa mara moja kukuelekea, ikipapasa hewa. Wamehisi pumzi yako, wamehisi joto lako. Mnyama akipita na mmoja akashika unyoya, wote waliomshika mwenzao huvutwa kama mnyororo. Muusi anayetembea mchana mmoja wa Oktoba, ambao pia ni wakati wao wa kupandana na madume huzunguka mno, anaweza kugusa vijiti vya namna hiyo tena na tena.

Wakishapanda hunyonya kidogo, hujivua ngozi, huwa tunutu wenye miguu minane, kisha hutulia. Novemba yote na Desemba yote wamo ndani ya manyoya, maelfu kwa maelfu, na muusi hana habari nao. Januari huamka. Tunutu hunyonya, hujivua tena, na kufikia Machi na Aprili kupe wazima wanakula mlo wa mwisho, ule mkubwa. Jike lililoshiba hudondoka, na mwezi Juni hutaga mayai ya maelfu chini ya majani makavu, kisha hufa. Msimu wa baridi, ambao sisi tuliotoka nchi za joto tungedhani ni likizo ya kupe, ndio mezani pake.

Sasa twende kwenye kujikuna, kwa sababu hapo ndipo roho ya jambo hili ilipo.

Katika misitu hiyohiyo anaishi ayala mwenye mkia mweupe. Vijiti ni vilevile, kupe ni walewale, lakini ni nadra kumkuta ayala huyo amefunikwa na kupe wa baridi. Tofauti haiko kwenye damu wala ngozi, iko kwenye ulimi na meno. Ayala hujisafisha kila siku kwa mazoea, anawashwa au hawashwi, na hufanya hivyo tangu majani yanapoanza kupukutika, wakati kupe ni wachanga na ni rahisi kung'olewa. Swala pala wetu ni hodari kuliko wote kwa kazi hii. Wasimamie asubuhi moja Mikumi au Tarangire uwaone, wawili wakitazamana, huyu anamchana mwenzake shingoni kwa meno ya mbele mara kadhaa, kisha yule analipa. Mtaalamu mmoja, Michael Mooring, aliwachunguza swala pala hao Zimbabwe kwa muda mrefu, baadaye akaenda Alberta, Kanada, kufanya kazi na William Samuel, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhesabu kupe wa muusi. Nafurahi kwamba ujuzi huu ulisafiri kutoka kwetu kwenda kwao.

Walichokiona kwa muusi kinasikitisha. Muusi husubiri muwasho. Oktoba na Novemba kupe wachanga hawamsumbui, naye hajikuni. Huanza Januari na kuendelea, tunutu wanapoanza kuuma, na kufikia Machi anajikuna kwa nguvu zote, anaacha hata kula ili ajing'ate. Lakini wakati huo kupe wamekwisha kuzama, na manyoya ndiyo yanayong'oka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba muusi ni mgeni. Mababu zake walivuka kutoka Asia kupitia nchi kavu iliyounganisha mabara hayo wakati wa enzi ya barafu, ilhali ayala wenye mkia mweupe wana ukoo wa zamani zaidi Amerika pamoja na kupe hawa. Miaka elfu kumi na ushee ni mingi kwa mtu. Kwa mwili wa mnyama kujifunza tabia mpya, ni jana tu.

Samuel na wenzake Alberta walikuwa na njia ya kuhesabu ambayo haiachi shaka. Walichukua ngozi nzima ya muusi aliyekufa, wakayeyusha vipande vyake kwa kemikali kali mpaka manyoya na ngozi vikaisha, magamba ya kupe yakabaki, kisha wakahesabu. Mnyama mmoja aliwahi kukutwa na kupe karibu 150,000. Miaka ya 2014 hadi 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire chini ya Pete Pekins waliwavisha kola za redio ndama wa New Hampshire na magharibi mwa Maine, wakawafuatilia misimu mitatu mfululizo. Asilimia 70 ya ndama hao walikufa, na wastani wa kupe kwa kila ndama waliyemhesabia ulikuwa 47,371.

Ni vigumu kuishika namba hiyo akilini, kwa hiyo iweke kwenye damu. Ndama wa umri huo ana kilo 150 hivi na damu lita 12 au zaidi kidogo. Kupe wa idadi hiyo wanaweza, katika wiki nane za mwisho, kumtoa damu inayokaribia au hata kuzidi yote aliyonayo mwilini kwa wakati mmoja. Ili aitengeneze upya anahitaji protini, na chakula chake ni vijiti. Mama yake ana mwili mkubwa na akiba ya mafuta, kwa hiyo mara nyingi huokoka, ingawa huokoka amedhoofu, na anayezaa baada ya hapo huzaa ndama mdogo, na mapacha huwa adimu. Ndama hana akiba. Majira yote ya joto yaliyopita alikuwa anakua. Huanguka Aprili, wiki chache kabla machipukizi hayajafunguka, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: chakula ambacho kingemwokoa kimo tayari ndani ya matawi aliyolala chini yake.

Kupe huyu si mgeni Maine, na muusi wamekufa kwa ajili yake tangu zamani, mara moja moja, mwaka mbaya baada ya miaka mingi ya nafuu. Kilichobadilika ni kwamba miaka mibaya sasa hufuatana. Sababu mbili zimekutana hapo.

Ya kwanza ni theluji. Baridi pekee haiwaui kupe wachanga walio kwenye vijiti. Usiku huwagandisha, jua la saa nne asubuhi huwachangamsha tena. Kinachowamaliza ni theluji inayoanguka na kukaa, ikawaangusha na kuwafunika kabla hawajapata mnyama. Zamani kazi hiyo ilikamilika mapema Novemba. Siku hizi vuli ya huko imerefuka, theluji ya kudumu huchelewa, na kila wiki inayoongezeka ni wiki nyingine ya vijiti vyenye vibonge vilivyo hai. Na upande wa pili wa msimu, jike lililoshiba likidondokea kwenye theluji na baridi kali mwezi Aprili aghalabu hufa bila kutaga. Likidondokea kwenye majani makavu huishi. Joto limepunguza theluji mwanzoni na mwishoni, pale ambapo ilikuwa ukuta wa muusi.

Ya pili ni wingi wa muusi wenyewe, na hapa hadithi inarudi nyuma miaka hamsini. Miaka ya 1970 na 1980 viwavi walishambulia misprusi na mifiri ya Maine, na makampuni ya mbao yakafyeka misitu mikubwa ili kuwahi kuvuna kabla miti haijaoza. Kwenye mafyeko hayo yaliota machipukizi mororo mamilioni, karamu ambayo muusi hajawahi kuandaliwa. Mbwamwitu walikuwa wamekwisha kuangamizwa katika eneo hilo kitambo. Muusi wakaongezeka hata uwindaji ukafunguliwa upya, Maine mwaka 1980, New Hampshire 1988, Vermont 1993. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kupe wa mwenyeji mmoja hutegemea jambo moja tu: mnyama mwingine apite karibu na mahali jike lilipodondoka. Muusi wakiwa wengi katika eneo dogo, hakuna kibonge kinachokosa mpitaji.

Mfugaji yeyote wa kwetu anayesikia habari hizi huuliza swali lilelile, na mimi pia niliuliza: kwa nini wasiwatengenezee josho? Mzee yule alinijibu kwa kuonyesha msitu. Muusi hana zizi wala mchungaji. Anavuka maziwa kwa kuogelea, anaishi peke yake, na nyama yake huliwa na watu Oktoba, kwa hiyo dawa yoyote utakayompaka itafika mezani. Chuo Kikuu cha Vermont wamejaribu kuvu wanaoua kupe wachanga, na kwenye maabara wanawaua kweli, lakini kati ya maabara na msitu usio na mwisho pana safari ndefu. Ndege wa huko, wa jamii ya kunguru, hutua migongoni mwa muusi na kula kupe kama wale wenye midomo myekundu wanavyofanya kwa nyati wetu. Wanasaidia kidogo. Mlo wenyewe ni mkubwa mno kwao.

Kwa hiyo limebaki jambo ambalo kulisikia mara ya kwanza ni kama kupigwa kofi: kuwapunguza muusi ili muusi wapone. Mwaka 2021 Maine ilianza jaribio la miaka mitano katika sehemu ya eneo lake namba 4 la wanyamapori, kaskazini-magharibi, kwa kutoa vibali zaidi vya kuwinda majike, huku upande mwingine wa eneo hilohilo ukiachwa ulinganishwe nao. Vermont nayo ilitoa vibali kwa hesabu ya namna hiyo kaskazini-mashariki mwake. Waliopinga walikuwa wengi, nami nawaelewa. Ni vigumu kumwambia mtu aliyeona mizoga msituni kwamba dawa ni mizoga mingine. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 2021 kuingia 2022. Katika ndama 70 waliokuwa wamevishwa kola Maine, 60 walikufa. Kola hizo hutuma ujumbe mnyama asipotikisika kwa saa kadhaa. Fikiria simu ya mtaalamu ikilia Aprili ile, asubuhi, mchana, usiku, na kila mlio ni ndama.

Mimi naona jaribio lile lilikuwa sahihi. Nasema hivyo nikiwa nimelelewa na watu ambao kuuza ng'ombe wazima kabla ya ukame kulikuwa kama kumsaliti marehemu aliyewaacha, na waliokataa kuuza nimewaona wakirudi malishoni na ngozi begani. Ndama anayenyonywa wiki nane hafi kifo cha asili kilicho cha huruma kuliko risasi. Lakini sisemi kwa wepesi, kwa sababu kupunguza muusi kunagusa sababu moja tu kati ya zile mbili. Theluji ya Novemba haitolewi kwa kibali.

Oktoba iliyofuata nilirudi. Wawindaji hupeleka nyama zao kwenye kituo cha mizani, na pale mbele ya duka la vifaa, chini ya winchi, kijana mwanamke mwenye jaketi la rangi ya chungwa alikuwa amepiga magoti kando ya jike kubwa lililoshushwa kwenye gari. Mkononi alikuwa na kitana cha chuma na rula. Alitenganisha manyoya shingoni, akapima mstari wa sentimita 10, akahesabu kwa midomo bila sauti, akaandika. Begani, akaandika. Mbavuni. Kwenye tako. Kutokana na mistari hiyo hukisia Aprili itakuwaje. Nilimwomba anionyeshe. Alinisogezea taa ya kichwani, na kwenye ngozi ya kijivu, kati ya mashina ya manyoya, niliona vitone vya kahawia ambavyo ningevidhani vumbi la magome. Kimoja kilisogea. Nikamuuliza kama naweza kumsaidia kuhesabu, akanipa kitana cha pili, nikaanza na sikio, kwa mazoea. Akanigusa mkono akacheka kidogo, akaniambia hapana, hawa hawakai masikioni, anza begani.